Presha ya Mzee Hachoki

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na shemeji na binti yetu, na kwamba macho yako yamekwisha kunywea baada ya kilio cha jana. Kama nyinyi hamjambo, basi sisi huku hatujambo zaidi. Nimeandika "sisi" kwa makusudi, na nakuomba ulisome neno hilo mara mbili, kwa sababu ndani yake yumo Baba. Baba ni mzima, Dada. Leo asubuhi amegombana nami kwa ajili ya sukari kwenye chai, akatoka nje akagombana na jogoo wa jirani, akarudi akadai chai imepoa. Mgonjwa wa kukata roho hana nguvu hizo.

Najua huniamini. Jana nilipokuandikia kwenye simu kwamba Baba hajambo, ulinijibu nisikufiche, maana hata Mama alipofariki uliambiwa anaendelea vizuri, mpaka ukafika ukakuta viti vimepangwa uani. Una haki kabisa. Kwetu sisi mtu akiambiwa njoo tu, hakuna neno, huanza kulia akiwa bado anafunga mzigo. Ndiyo maana simu nimeiweka kando, kwanza yenyewe ndiyo iliyotuponza, nikashika kalamu nikueleze mambo tangu shina hadi ncha. Kondakta wa basi la asubuhi ni mtu wangu, breki za basi lao nazishughulikia mimi, na ameniahidi kuitia barua hii mkononi mwako yeye mwenyewe. Ndani ya bahasha utakuta kipande cha boksi chenye kitundu. Usikitupe, hicho ni shahidi wangu.

Umeniuliza pia habari za daktari uliyezungumza naye kwenye simu yangu. Umesema ni mtu mpole lakini wa ajabu, kwani badala ya kukueleza hali ya mgonjwa alikuuliza mtoto ana meno mangapi, anapenda kula nini na amefanana na nani. Hilo nitakujibu, lakini si sasa. Mambo yana utaratibu wake, kama injini. Ukirukia nati ya mwisho, kazi yote itakuangukia miguuni.

Nianze na presha. Mzee aliyeshuka presha si Baba. Ni gari.

Sasa usiniapize, subiri. Wewe ulipoondoka nyumbani Baba alikuwa bado na lori lake. Alipostaafu akaliuza, akakaa akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwisho akanunua pikapu ya dizeli ya mtumba, rangi ya majivu. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameiandika nyuma kwa herufi kubwa: MZEE HACHOKI. Baba alisema atayafuta maandishi hayo, yeye si mtu wa mbwembwe, lakini mtaa ukamwahi. Watoto wakaanza kuliita gari lile Mzee, wakubwa wakafuata, na sasa hata sisi wenyewe tunasema Mzee amelala wapi, Mzee ameogeshwa, Mzee leo amekunywa kiasi gani. Na wewe unaijua lugha yetu. Ukishalipa gari jina la Mzee huwezi tena kusema limechoka, itabidi useme amechoka. Gari likapandishwa cheo likawa mtu, na msiba wetu wa uongo ulianzia hapo.

Maana Hachoki mwenyewe alianza kuchoka. Kwenye tambarare anakwenda vizuri, tena anaimba, lakini mpeleke kile kilima cha tangi la maji uone. Akifika katikati anakohoa, nguvu zinamwisha, anazima. Ukimpumzisha kidogo anawaka tena na kujifanya kama si yeye. Nilimwambia Baba asijisumbue, kwani safari zake ni sokoni na kurudi, na njia ya sokoni haina hata tuta. Akanikatalia katakata. Alisema gari lisiloweza kupanda si gari, ni kochi. Ikawa kila jioni anampeleka kwenye kilima, anazimikiwa katikati, anarudi kinyumenyume, anafika nyumbani amenuna hata chakula hataki kukitazama. Nilipomuuliza anakimbilia wapi, alisema anataka kwenda kuchukua mbao. Mbao gani na ziko wapi, hakusema, na mimi nikaona mzee wa watu ametafuta tu kitu cha kuhangaika nacho.

Kazi yangu unaijua. Gereji wamenikabidhi injini zote za dizeli, na magari ya watu yanapona mikononi mwangu, lakini Baba alimleta Mzee kwangu shingo upande. Kwake yeye mimi bado ni yule mtoto aliyekuwa akimshikia tochi na kusinzia. Hata jina la Spana alinipa kwa kunikejeli, eti kila akiomba spana mimi namletea koleo. Mwisho aliona hana ujanja, akaniambia haya, fundi, njoo unionyeshe.

Nikuambie kidogo ili uelewe kilichofuata. Dizeli ikiwa ndani ya gari kama hili ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, nayo ni safari ya upole, mafuta yanasukumwa taratibu tu. Hiyo niliipima kwa geji ya kawaida, nikakuta filta imeziba kwa uchafu, nikaibadilisha. Mzee akapata nafuu, ila kilima bado kikamshinda. Kwa hiyo ikabaki safari ya pili, ya kutoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, vile vidomo vya kunyunyizia mafuta ndani ya injini, na hiyo, Dada, haina upole hata chembe. Humo dizeli inabanwa kwa presha ambayo ukiiambia kwa hesabu mtu anadhani unatia chumvi. Huko hakupimwi kwa kufungua nati na kuchungulia. Kunapimwa kwa mashine ya kusoma gari, unaichomeka ndani chini ya usukani, unakaa mbali na injini, unasoma.

Basi jana asubuhi, kabla sijaanza, nikamwandikia mwanamke mmoja anayetengeneza pampu na kuuza vifaa vyake, hodari kweli, tunamwita Dada wa Pampu. Nilitaka aniwekee mrija mpya tayari. Niliandika hivi: Mzee bado. Presha inashuka akipanda. Anakohoa, anaishiwa nguvu, anazimika. Nahisi kuna mrija unavuja. Leo nampima tena, ikishindikana kesho tunamfungua. Uwe tayari. Nikatuma. Kwenye simu yangu wewe ni Dada, na yeye ni Dada wa Pampu, mmekaa mmoja juu ya mwenzake, na kidole changu kilikuwa na grisi. Kikateleza kwako.

Nikiisoma leo ile "uwe tayari" mwili wangu mwenyewe unasisimka. Nakuomba radhi kwa moyo wote. Na hukukosea kupiga simu, kosa ni langu kuiacha juu ya sanduku la vifaa huku injini inanguruma. Ukampigia jirani yetu muuza mkaa, na hapo ukawa umemwuliza mtu anayejua kusema lakini hajajifunza kusikiliza. Amenisimulia mwenyewe. Anasema ulimwuliza kama ni kweli mzee anaumwa, na yeye, ambaye kwake Mzee ni pikapu, akakujibu ni kweli, wanahangaika naye uani tangu asubuhi, wamemfungua kifua, wamemchomeka waya, Spana amevaa miwani na glavu, na mara mbili amezimika wakamwamsha. Ulipoangua kilio akashangaa, akajiambia kumbe watu wanalipenda gari hili kiasi hiki. Akakupa pole, akakuambia umri nao umekwenda.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka uso wako, nikaacha.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe. Nilimpanga Mzee katikati ya ua, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kizimamoto nikakileta karibu. Jiko la mkaa nikalihamishia upande wa pili wa nyumba, na Baba akalalamika kwamba chai imepelekwa uhamishoni. Nikavaa miwani, glavu, na mikono mirefu. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama ninakwenda kupima gari au kulina asali. Nikamwambia asali ina nafuu, nyuki unamsikia akija.

Kwa sababu Baba, Dada, alijifunzia dizeli kwenye lori lile la kale. Kule ukitaka kujua nozeli ipi imechoka unawasha injini, unalegeza nati kidogo, unasikiliza. Na ukitaka kujua mrija unavujia wapi unapitisha kiganja juu yake mpaka uhisi unyevu. Aliniambia kiganja chake ndiyo geji, na geji yake haijaharibika tangu azaliwe. Nikamwambia kwa heshima kwamba lori lile lilikuwa shangazi mpole, huyu ni mtu mwingine. Hapa ukilegeza nati injini ikiwaka, dizeli haitoki kama maji, inatoka kama sindano. Mara nyingi huioni, na ikikupata pengine huisikii. Inakuachia kitone kidogo tu kwenye ngozi, unadhani umeumwa na mbu, kumbe imekwisha kuingia ndani inaozesha nyama, na kabla hujajua madaktari wanazungumza habari za kukata. Fundi mkuu wetu hutuambia kila siku kwamba ikikugusa usitafute plasta, nenda hospitali hapo hapo hata kama unacheka. Baba akanijibu kwamba dizeli ameioga maisha yake yote. Hata hivyo mkono akautia mfukoni.

Nikachukua kipande cha boksi, nikakifunga kwenye ncha ya mpini wa ufagio. Nikamwomba Baba aingie ndani, akanyage mafuta taratibu na kunisomea mashine. Alikanyaga kidogo, mashine ikasema injini inaomba presha kubwa na inapata nusu. Basi nikajua nipo njiani. Nikawa napitisha lile boksi pembeni ya kila kiungo cha mirija, polepole, mimi nimejitenga urefu wote wa mpini. Kiungo cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu. Kumbe Baba ameweka jiwe juu ya kanyagio la mafuta, ameshuka, amekuja upande wa pili wa boneti kuangalia, na mkono umetoka mfukoni wenyewe. Mazoea yana tabu. Niliuona ukija kwenye kiungo cha pampu, vidole vimetandazwa vile vile kama enzi za lori.

Nilimpiga Baba mpini wa ufagio mkononi. Naandika hivyo hivyo nilivyotenda, unisamehe na Mungu anisamehe. Nilimpiga kwa nguvu, akaruka nyuma na kunitolea macho, na boksi likabaki pale pale mkono ulipokuwa unakwenda kutua. Likatoa sauti ndogo, tsii, kama mtu anayesonya. Nikakimbia kuzima injini na kuchomoa ufunguo.

Tulipolitoa boksi lilikuwa na kitundu. Ndicho hicho nilichokutumia. Chukua mkononi ukitazame, kingo zake zimelowa kidogo na bado kinanuka dizeli. Baba alikichukua kile kipande, akakiweka juu ya kiganja chake, akakisogeza mpaka kitundu kikakaa katikati kabisa, chini ya kidole cha kati. Akakaa juu ya ndoo.

Nikamwambia sasa tunangoja. Hii nayo ni sheria ya kazi. Injini kuzimika si kusema presha imekwisha, imo mle ndani bado imebanwa, na ukiifungua kwa pupa inakurukia. Unaiacha ishuke yenyewe, unasoma mashine, na mpaka ifike chini hakuna kugusa nati. Nikajilaza chini ya gari na tochi, kutazama tu, na ua ukatulia kabisa. Katika kungoja huko kulitokea jambo, nalo nimeliwekea mahali pake.

Presha ilipofika chini tuliufungua ule mrija, na pale kwenye kiungo tukakuta ufa mwembamba kama unywele. Nikampigia Dada wa Pampu kwa mdomo safari hii, akanishangaa kwamba sikumwandikia asubuhi kama tulivyopatana. Mrija mpya ukaja, tukasafisha kila kitu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tukafunga. Baba ndiye aliyeshika mpini wa ufagio tulipojaribu tena. Aliushika kwa mikono miwili, amejitenga mpaka mgongo unagusa ukuta, na boksi jipya likapita kila kiungo likatoka kavu. Nikamwambia hata mimi sijitengi kiasi hicho. Akasema tuendelee na kazi, tuache maneno.

Halafu tukaenda kwenye kilima. Baba kwenye usukani, mimi pembeni na mashine mapajani. Pale Mzee alipozoea kukohoa Baba aliacha kupumua. Akaniuliza presha ikoje, nikamwambia imesimama. Tukapita. Akaniuliza tena, nikamwambia imesimama kama mlingoti. Alipouliza mara nyingine nilimwambia Baba, tumekwisha kufika juu, tazama mbele tutaingia kwenye tangi. Akasimamisha gari, akashuka, akampigapiga Mzee kwenye boneti, akacheka kile kicheko chake cha zamani, kile cha Mama kumwambia punguza, watoto wamelala. Sikuwa nimekisikia siku nyingi. Nikajikuta nami nacheka hovyo, na wanawake waliokuja kuteka maji wakatushangaa.

Kutoka pale juu mlima wenu unaonekana, mbali, wa samawati. Baba aliukodolea macho muda mrefu, akaniuliza kama kwa maoni yangu unazidi kilima hiki mara ngapi. Nikamwambia mara nyingi sana. Akauliza kama Mzee atauweza. Nikamwambia atauweza. Nikamuuliza, kwani mbao zipo huko? Akaenda kukagua matairi. Ndipo nilipoisoma simu sawasawa, nikakuta umenipigia mpaka imechoka, na ujumbe wako kuhusu daktari, na juu yake ule ujumbe wangu wa asubuhi umekaa kwako.

Haya, Dada, kaa chini kama umesimama. Mpe shemeji amshike mtoto.

Yule daktari ni Baba.

Simu iliita wakati ule tunangoja presha ishuke. Mimi nipo chini ya gari, nikamwambia Baba apokee kwa kuwa glavu zangu zina mafuta. Aliibonyeza mahali asipopajua, ikaanza kupaza sauti, na wewe hukungoja hata salamu. Ulisema usinifiche. Ulisema kama bado anasikia nimwekee simu sikioni, nimwambie huna kinyongo naye, kwamba ulimuudhi lakini hukumchukia hata siku moja, kwamba unakuja na mtoto, akusubiri, tafadhali akusubiri. Nilisikia kila neno. Kutoka kule chini nilikuwa naona viatu vya Baba tu, na viatu vile havikusogea. Halafu ukauliza unazungumza na nani, ni daktari? Na Baba yetu, Dada, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata askari wa barabarani, alikohoa, akatoa sauti nene asiyoijua yeye wala mimi, akasema ndiye.

Yaliyofuata unayajua, uliyasikia. Alikuambia usipande basi na mtoto mdogo kwa wasiwasi ule. Alikuambia mgonjwa amesikia yote na maneno hayo yamemfaa kuliko dawa. Ulipoanza kumshukuru akashindwa kukata simu, ndipo akaanza kuuliza habari za meno, na chakula, na mtoto anatembea au bado anatambaa, na usiku analala au anawasumbua. Mwisho akauliza anaitwaje. Ukamwambia mmempa jina la marehemu Mama. Uliita halo, halo, ukadhani mtandao umekatika. Mtandao ulikuwepo, Dada. Ni daktari aliyekuwa hawezi kusema.

Nilikaa kule chini mpaka nikahakikisha amekwisha kujifuta uso. Nilipotoka aliniambia macho yanamwasha kwa moshi wa dizeli. Injini ilikuwa imezimwa muda mrefu. Nikamwambia ndivyo ilivyo, dizeli ya siku hizi ni kali. Akaniuliza presha imeshuka, nikamwambia imeshuka. Akasema basi tufunge kazi. Mpaka leo anajifanya hajui kwamba nilisikia, na nakuomba siri hii uifunge kwa nati na kuikaza mpaka tuonane.

Kuna la mwisho, na hili ndilo lililonitoa machozi mimi. Jana jioni nilipokuwa namwosha Mzee nilikitazama vizuri kile kidaraja cha chuma cha kupandia ambacho Baba amemchomelea chini ya mlango wa abiria. Wiki zilizopita aliniambia ni kwa ajili ya magoti yake. Lakini Baba huingilia mlango wa dereva, na kidaraja kile kiko chini sana, mtu mzima hawezi kukikanyaga bila kujikwaa. Nikakaa nikakipima kwa kiganja. Nikamwita, nikamuuliza magoti ya nani haya. Alisimama pale mlangoni na kikombe chake, akasema watoto hupenda kupanda gari wenyewe, hawapendi kubebwa.

Umeelewa sasa, Dada? Si ujumbe wangu uliomgeuza. Si kilio chako, ingawa kilimfikia. Baba alikuwa anakuja kwako tangu zamani. Kila jioni alipokwenda kwenye kile kilima alikuwa anajaribu kama ataufikia mlima wako, na kila jioni presha ilimrudisha katikati. Nikamkumbusha kiapo chake siku ulipoolewa bila yeye kutoa jibu la posa, kwamba gari lake halitaupanda mlima ule hata likiwa limebeba dawa. Akasema aliapa habari za lori, na lori amekwisha kuliuza. Hii ni pikapu.

Tunakuja Jumamosi. Mwambie shemeji aondoe matofali yake mlangoni ili Mzee apate pa kulala, na aweke mawe mawili ya kuzuia magurudumu, maana uwanja wenu nasikia umeinama. Baba ameficha wasiwasi wake kwenye shati, ameninyooshesha mara mbili. Anaogopa kwamba hutampokea. Hajasema, lakini tangu jana anaulizauliza kama watu wa huko hula mapema, kama shemeji ni msemaji, kama mtoto huogopa wageni. Usimlaumu kwa lolote siku ya kwanza. Ukitaka kumlaumu, mngoje ashibe.

Nisalimie shemeji sana, mwambie sasa atapata mtu wa kubishana naye habari za kila kitu. Mbusu binti yangu kwenye mashavu yote mawili. Na kwa kuwa siku zipo, na wewe mwenyewe umesema ameanza kutamka maneno, nakuomba umfundishe salamu moja tu kabla hatujafika. Akimwona babu anashuka kwenye gari, amkimbilie, anyooshe mkono kuushika ule mkono wa babu, mzima, usio na kitundu, na aseme kwa sauti tuisikie sote: Shikamoo, daktari.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Spana